Kiambishi Tamati -i: Asili Yake na Namna Kinavyounda Nomino

Katika sura zilizotangulia tulieleza ngeli za nomino na jinsi viambishi awali vyake vinavyotawala upatanisho wa kisarufi. Katika sura hii tunageukia upande wa pili wa neno, yaani mwisho wake. Tutachunguza kiambishi tamati -i, ambacho huungana na mzizi wa kitenzi na kuunda nomino kama vile mpishi, mlinzi, mzazi na uchaguzi. Tutaeleza kilikotoka, kinavyoiathiri konsonanti inayokitangulia, na namna nomino zinazotokana nacho zinavyobadilika katika umoja na wingi.

Mada hii ina uzito wa pekee kwa mwalimu tarajali atakayefundisha katika eneo letu la mpakani. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo darasa moja la Nabuyoga, katika eneo la Budama Magharibi wilayani Tororo, laweza kuwa na wanafunzi wanaozungumza Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia na Luganda, na wengi wao hukutana na Kiswahili sanifu kwa mara ya kwanza wakiwa mbele ya ubao. Mwanafunzi kama huyo akiandika *mpiki badala ya mpishi, au *mlindi badala ya mlinzi, hajabahatisha. Amechukua mzizi, akatanguliza m-, akamalizia kwa -i, kama alivyofundishwa. Mwalimu akimpigia mstari mwekundu bila kumpa sababu, atamwachia imani kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na utaratibu. Utaratibu upo, na ni wajibu wa mwalimu kuujua. (Katika sura hii alama ya nyota huonyesha umbo lisilotumika katika Kiswahili sanifu.)

1. Muundo wa nomino zenye -i

Nomino ya aina hii ina sehemu tatu: kiambishi awali cha ngeli, mzizi wa kitenzi, na kiambishi tamati -i. Neno msomi, kwa mfano, huchanganuliwa hivi: m-som-i. Kiambishi awali m- kinatuarifu kwamba nomino imo katika ngeli ya A-WA na kwamba iko katika umoja. Mzizi -som- hubeba maana ya msingi. Kiambishi -i ndicho kinachokigeuza kitenzi kuwa nomino, na maana yake ya kawaida ni mtenda, yaani mtu afanyaye tendo linalotajwa na mzizi.

Mzizi ukiishia kwa konsonanti kama m, n, s, z au sh, kwa kawaida hakuna mabadiliko yoyote ya sauti: -soma hutoa msomi, -shona hutoa mshoni, -patanisha hutoa mpatanishi. Ugumu huanza pale mzizi unapoishia kwa konsonanti za aina nyingine.

2. Mabadiliko ya konsonanti

Tuangalie makundi yafuatayo:

(a) k huwa sh: -pika, mpishi; -andika, mwandishi; -cheka, mcheshi; -tumika, mtumishi; -zika, mazishi.

(b) t huwa s: -fuata, mfuasi.

(c) d huwa z: -linda, mlinzi, -penda, mpenzi, -panda, mpanzi, -tenda, utenzi.

(d) g huwa z: -tunga, mtunzi, -jenga, mjenzi, -finyanga, mfinyanzi.

(e) b huwa v au z: -gomba, mgomvi, -iba, mwivi au mwizi.

(f) w huwa v: -lewa, mlevi.

Ukizitazama konsonanti za upande wa kushoto utaona kwamba nyingi ni vipasuo, yaani sauti ambazo hewa huzuiwa kabisa kinywani kisha ikaachiliwa ghafla. Zile za upande wa kulia zote ni vikwamizi, yaani sauti ambazo hewa hupita kwa kukwaruzana katika njia nyembamba. Kwa maneno mengine, orodha hii inayoonekana kama kanuni sita ni kanuni moja tu: kipasuo kinapokutana na -i hii hugeuka kikwamizi.

Swali linalofuata ni la lazima. Kwa nini irabu i ina nguvu hiyo hapa, ilhali kwingineko haina? Tunasema -piki katika hapiki, wala hatusemi *hapishi. Tunasema hawalindi, wala hatusemi *hawalinzi. Irabu inayosikika ni ile ile, na konsonanti ni ile ile. Jibu haliwezi kupatikana katika Kiswahili cha leo peke yake. Inatupasa turudi nyuma.

3. Asili ya kiambishi -i

Kiswahili ni mojawapo ya lugha za Kibantu, na lugha hizo zote zimetokana na lugha moja ya kale ambayo wanaisimu huiita Mame-Bantu. Lugha hiyo haikuandikwa. Sauti zake zimerejeshwa kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo. Ulinganishi huo unaonyesha kwamba Mame-Bantu ilikuwa na irabu saba, si tano kama Kiswahili cha leo. Miongoni mwa irabu hizo palikuwa na aina mbili za i: moja ya juu mno, ambayo ulimi uliinuliwa karibu kabisa na kaakaa, na nyingine iliyotamkwa chini yake kidogo. Vivyo hivyo kwa irabu u.

Mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof, katika kitabu chake cha fonolojia ya lugha za Kibantu kilichotoka mwaka 1899, alizieleza irabu hizo za juu mno na athari zake kwa konsonanti. Baadaye A. E. Meeussen, katika urejeshaji wake wa sarufi ya Mame-Bantu uliochapishwa mwaka 1967, alieleza pia viambishi vya kale vya kuundia nomino. Kiambishi chetu cha mtenda kilikuwa na irabu ya juu mno. Kikanushi -i cha hapiki hakikuwa nayo.

Sababu ya kimatamshi ni rahisi kuieleza darasani. Irabu ya juu mno huacha uwazi mwembamba sana kati ya ulimi na kaakaa. Kipasuo kinapoachiliwa kuelekea uwazi huo, hewa hutoka kwa mkwaruzo. Kwa muda mrefu mkwaruzo huo uliendelea kukua hadi ukachukua nafasi ya kipasuo chenyewe. Baadaye irabu saba zikapungua kuwa tano. I ya juu mno ikaungana na ile ya pili, na masikio yetu hayazitofautishi tena. Hata hivyo konsonanti zilikuwa zimekwisha kubadilika. Neno mpishi, basi, ni kama mchanga ulioacha alama ya wayo: mpita njia ameondoka, lakini alipokanyaga panaonekana.

Ushahidi wa maelezo haya uko karibu nasi. Kigikuyu, ambacho kimehifadhi irabu saba, hakikufanya mabadiliko haya: kutokana na -ruga, yaani kupika, hupatikana mũrugi, na g imebaki g. Luganda, yenye irabu tano kama Kiswahili, ilipitia mabadiliko yanayofanana na ya kwetu: okuwandiika, kuandika, hutoa omuwandiisi, okulonda, kuchagua, hutoa omulonzi, okukola, kufanya kazi, hutoa omukozi, okulera, kulea, hutoa omulezi. Mwanafunzi ajuaye Luganda anayo kanuni hii tayari. Kinachohitajika ni mwalimu wa kumwonyesha.

Irabu ya juu mno haikuishia katika nomino pekee. Kiambishi kifupi cha kusababisha nacho kilikuwa nayo, ndiyo maana -waka hutoa -washa, -anguka hutoa -angusha, -takata hutoa -takasa, -lewa hutoa -levya na -ogopa hutoa -ogofya. Mwalimu akiyafundisha makundi haya mawili pamoja, mwanafunzi hujifunza jambo moja badala ya mawili.

4. Konsonanti iliyofichika

Lipo kundi la nomino ambalo kwa mtazamo wa haraka linaonekana kuvunja kila tulichosema: -zaa, mzazi, -lea, mlezi, -nunua, mnunuzi, -jua, mjuzi, -nyoa, kinyozi, -vaa, vazi, -pindua, mapinduzi. Je, z imetoka wapi, iwapo mzizi hauna konsonanti mwishoni?

Konsonanti ilikuwepo, nayo ni l. Vitenzi hivi zamani viliishia kwa -la, na Luganda bado inaihifadhi l hiyo katika okuzaala. Kiswahili kiliiangusha l katikati ya irabu mbili, lakini hakikuiangusha popote. Tazama kauli ya kutendwa: -zaa hutoa -zaliwa, -lea hutoa -lelewa, -nunua hutoa -nunuliwa, -okoa hutoa -okolewa. L iliyopotea katika kauli ya kutenda hujitokeza tena hapa. Hujitokeza pia katika nomino mteule, kutokana na -teua.

Kutokana na ukweli huu tunaweza hata kupanga mfuatano wa matukio. Ili l igeuke z mbele ya -i, ilibidi iwepo wakati huo. Basi kugeuka kwa konsonanti kulitangulia, na kudondoka kwa l kulifuata. Kama mambo yangekwenda kinyume, leo tungesema *mzai na *mlei.

Jozi ya mwokozi na wokovu inaithibitisha hoja hii vizuri zaidi. Zote mbili zimetokana na -okoa, ambacho kina l iliyofichika. Mbele ya -i ya juu mno, l imekuwa z. Mbele ya -u ya juu mno, l ile ile imekuwa v. Ndiyo sababu pia tuna mpotevu kutokana na -potea, na mvumilivu kutokana na -vumilia.

5. Mfano wa mbali

Jambo hili halipatikani katika lugha za Kibantu pekee. Katika lugha za Kislavoni za Ulaya ya Mashariki, kiambishi cha kale -ьcь cha kuundia nomino kilitokana na umbo la awali lililokuwa na k. K hiyo ililainishwa na irabu ya mbele iliyoitangulia, ikawa ts. Kutokana nacho Kirusi kina pevec, yaani mwimbaji. Tofauti kubwa iko katika mahali pa kuonyesha idadi. Mrusi hubadilisha mwisho wa neno: pevec mmoja, pevcy wengi. Mswahili huuacha mwisho ulivyo na kubadilisha mwanzo: mwandishi mmoja, waandishi wengi. Ulinganishi huu unatukumbusha kwamba sauti hubadilika kwa sababu za kinywa cha binadamu, lakini kila lugha hupanga maneno yake kwa mpango wake.

6. Umoja na wingi

Kwa kuwa -i haibadiliki, mabadiliko yote ya idadi hufanyika katika kiambishi awali. Nomino za mtenda huingia zaidi katika ngeli ya A-WA: mlinzi, walinzi, mfuasi, wafuasi, mlezi, walezi. Chache huchukua ki- na vi-, kama kinyozi, vinyozi, na kiongozi, viongozi. Kwa kuwa zinataja binadamu, upatanisho wake hufuata ngeli ya A-WA: kinyozi amefika, viongozi wamekutana. Kusema *kinyozi kimefika ni kosa ambalo mwalimu hana budi kulisahihisha mapema.

Kiambishi -i huunda pia nomino zisizotaja mtu. Tukitumia u- tunapata ulinzi, ujuzi na uchaguzi. Tukitumia ma- tunapata mazishi, mapenzi na mapinduzi. Bila kiambishi awali tunapata vazi, ambalo wingi wake ni mavazi.

Mizizi inayoanza kwa irabu inahitaji uangalifu. Mwizi katika wingi ni wezi, kwa kuwa a ya wa- na i ya mzizi zimeungana na kuwa e. Lakini mwimbaji katika wingi ni waimbaji, bila muungano huo. Mwandishi katika wingi ni waandishi, na a zote mbili huandikwa.

Kuhusu mwivi na mwizi, tukumbuke kwamba maumbo yote mawili ni halali kihistoria. Mwivi husikika katika lahaja za kaskazini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda ikaendeleza kazi hiyo. Mwizi limekuwa umbo la kawaida la vitabuni kutokana na uamuzi huo, wala si kwa ubora wake wa kimatamshi. Kwa sababu ya namna hiyo hiyo, tungo za kale za pwani huitwa tenzi na wengine, na tendi na wengine.

7. Kiambishi -i na kiambishi -aji

Leo njia iliyo hai zaidi ya kuunda nomino za mtenda ni kiambishi -aji: mwimbaji, mchezaji, mtangazaji, mwendeshaji. Wanaisimu kadhaa wameihusisha sehemu yake ya kwanza na kiambishi cha kale -ag- cha mazoea, kinachosikika katika Kigikuyu, na hata katika mazungumzo yasiyo rasmi ya Kiswahili, kama anasemaga au tunaendaga. Kwa maelezo hayo, -aji humtaja mtu afanyaye jambo mara kwa mara. Kiambishi hiki hakiibadilishi konsonanti ya mzizi, kwa kuwa irabu a huikinga: -pika hutoa mpikaji, na k hubaki salama.

Pale ambapo maumbo yote mawili yapo, mara nyingi maana zimegawanyika. Msomaji ni mtu anayesoma kitabu au gazeti. Msomi ni mtu mwenye elimu. Mpikaji ni yeyote anayepika. Mpishi ni yule ambaye upishi ni kazi yake. Mjuzi ni mtu mwenye maarifa ya jambo, naye husifiwa. Mjuaji ni mtu anayejifanya kujua kila kitu, naye hasifiwi. Mwalimu atakayeandika katika ripoti ya mwanafunzi kwamba ni mjuaji, akidhani anamsifu, atakuwa amemtukana mbele ya wazazi wake.

8. Tahadhari

Kwanza, si kila i ya mwisho ni kiambishi. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama -safiri, -hubiri na -tafiti huishia kwa i ambayo ni sehemu ya shina. Katika msafiri, mhubiri na mtafiti hakuna kiambishi tamati kilichoongezwa.

Pili, kanuni ina maneno yaliyo nje yake. Kutokana na -shinda twasema mshindi na ushindi, wala hatusemi *mshinzi. Kutokana na -suka twasema msusi, ilhali tungetazamia sh. Maneno haya yafundishwe kama yalivyo.

Tatu, nomino inaweza kubaki baada ya kitenzi chake kusahaulika. Mwashi ametokana na -aka, kujenga kwa mawe, kitenzi ambacho wengi hawakitumii tena.

Nne, ufanano wa lugha jirani husaidia na pia hupotosha. Kwa Luganda, omutunzi ni muuzaji, kutokana na okutunda. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba mama yake ni mtunzi wa samaki katika soko la Busia, na msomaji wa Dodoma akashangaa kusikia mashairi yanayotungwa juu ya samaki. Vilevile omusomi kwa Luganda ni yeyote asomaye, maana ambayo katika Kiswahili ni ya msomaji.

9. Kufundisha mada hii darasani

Tunashauri mwalimu aanze na kile ambacho mwanafunzi anacho. Msamia anajua kwamba Omusamia mmoja wakizidi huwa Abasamia. Mwenye kuzungumza Kidhopadhola anajua Japadhola mmoja na Jopadhola wengi. Mwenye kuzungumza Kiteso anajua Etesot, Atesot na Iteso. Lugha hizo si za jamii moja, lakini zote zinaonyesha mabadiliko mwanzoni mwa neno. Kwa hiyo upande wa m- na wa- hautakuwa mgeni kwa yeyote.

Upande wa -i ndio utakaohitaji muda. Mwenye kuzungumza lugha ya Kibantu aongozwe kutafuta jozi katika lugha yake mwenyewe. Mwenye kuzungumza lugha ya Kiniloti asiachwe kukariri peke yake; apewe makundi ya kifungu cha 2, kisha jozi kama -waka na -washa, ili aone kwamba badiliko lile lile linarudi. Kosa kama *mpiki lisahihishwe kwa kulitambua kwanza: mwanafunzi amepata muundo, amekosa badiliko la sauti. Alama inaweza kupotea, lakini juhudi yake isipotee pamoja nayo.

Mazoezi

1. Changanua nomino hizi katika viambishi na mizizi: mjenzi, mapokezi, viongozi, uchunguzi.

2. Kwa kutumia kauli ya kutendwa, onyesha konsonanti iliyofichika katika -chagua, -vaa na -pokea.

3. Eleza tofauti ya maana kati ya mtunzi na mtungaji, na kati ya mlezi na mzazi. Tunga sentensi kwa kila neno.

4. Kusanya nomino kumi za mtenda kutoka lugha ya kwanza ya wanafunzi wako. Bainisha iwapo mtenda huonyeshwa mwanzoni mwa neno, mwishoni, au kotekote.

5. Mwanafunzi ameandika: "*Baba yangu ni mlindi na kaka yangu ni muandiki." Andaa maelezo ya dakika tano utakayompa, yatakayomwezesha kusahihisha maneno yote mawili kwa kanuni moja.